Geji ya Mita Tatu

Jumatatu, 23 Machi

Geji ya nne imekaa. Nimeisimika saa tano asubuhi, baada ya kuchimba tundu jembamba la mita tatu kwa nguvu za mabega.

Dokta Candida, anayenisimamia chuoni, amenitaka niandike haya kwa kalamu. "Kompyuta itatunza namba," alisema, "lakini haitatunza ulichokuwa unafikiri ulipozisoma." Basi nianze na mahali penyewe.

Naishi na mama mdogo Agnesi, mdogo wake mama, katika vyumba viwili vya nyuma, ghorofani kwa Mzee Mbaruk, hapa Kariakoo. Chini, upande wa barabarani, kuna maduka mawili: la Mzee la kamba, makufuli na bawaba, na la mama mdogo la mabegi. Mzee na mkewe Bi Hind wanakaa ghorofani mbele, pamoja na kijana wao Muaz, ambaye tunalingana umri na hajawahi kunisemesha bila mimi kuanza. Nyuma ya nyumba kuna ujia wa hatua mbili. Baada ya ujia, shimo.

Shimo lina kina cha mita nne. Panakuja ghorofa refu lenye maegesho chini. Msimamizi wa kazi ni kaka Kasmir, mtu wa kwetu Rombo, na ndiye aliyeniruhusu kuweka vifaa vyangu. Upande wetu shimo limekatwa wima na kuachwa hivyo tangu Januari, kwa kuwa vyuma vya kushikilia ukuta havijafika. Linasimama kwa unyevu tu. Mchanga wa hapa ukikauka kabisa unamwagika, na ukiloa kabisa unaporomoka. Katikati hapo, ukiwa na maji kidogo, chembe zake hung'ang'aniana. Utafiti wangu ndio huo: masika ikianza, maji yatashuka kwa kasi gani kwenye udongo ambao haujashiba, na kule kung'ang'aniana kutaisha lini.

Kila geji ni bomba la plastiki lililojazwa maji. Chini lina kikombe cha udongo wa kuchoma, juu lina saa yenye mshale. Udongo mkavu huyanyonya maji ya bomba na mshale hupanda. Udongo ukiloa, mshale hushuka. Sifuri maana yake umeshiba.

Nusu mita: 41. Mita moja: 36. Mita mbili: 29. Mita tatu: 22.

Modeli yangu ya kompyuta nimeipa mvua za masika thelathini zilizopita. Zote thelathini, maji hayakuvuka mita moja na nusu.

Jumanne, 24 Machi

42, 36, 29, 22. Joto la kukaanga yai.

Alhamisi, 26 Machi

Mzee Mbaruk aliniita dukani. Alikuwa amevaa kanzu ya kutokea, na mezani kuna bahasha.

"Naenda manispaa kuwashtaki hawa," alisema. "Lakini Bi Hind ananiambia tuna msomi wa udongo ndani ya nyumba, nikuulize wewe kwanza. Lile shimo litanilaza nje?"

Nikamweleza modeli. Nikamwonyesha michoro kwenye simu. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wenzangu, mwisho akasema, "Sema kwa kifupi. Ukuta utasimama?"

"Utasimama."

Jioni kaka Kasmir alinipigia. "Mdogo wangu, mwandikie mzee kabarua basi, roho yake itulie. Na mimi unipe nakala." Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, nikatia sahihi: Jovitha Shirima, mtafiti. Mzee aliisoma mara mbili, akaifungia kwenye saraka ya meza, akaenda kuvua kanzu.

Nimefurahi. Acha niandike ukweli, nimefurahi mno. Mtu mzima kaahirisha safari kwa neno langu. Muaz alikuwa mlangoni akipanga makufuli. Alisema tu, "Hujawahi kuona masika ya nyumba hii." Nilimtazama tu, nikapita. Ana gubu.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua ya kwanza! Dakika arobaini. Geji ya nusu mita imeshuka kutoka 42 hadi 30. Modeli ilisema 31. Nyingine hazikutikisika. Nimecheka peke yangu pale ujiani kama kichaa.

Jumatatu, 30 Machi

33, 35, 29, 22. Hakuna jipya.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua toka alfajiri. Tulirudi kanisani tumebeba viatu mkononi. 17, 32, 29, 21.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mama mdogo kapika ndizi na nyama, Bi Hind katuletea sahani ya mkate wa sinia. Siku ya tatu ya mvua.

12, 28, 29, 16.

Nimezisoma mara tatu chini ya mwavuli. Geji ya mita mbili haijasogea, lakini ya mita tatu imeshuka. Maji hayawezi kufika chini bila kupita katikati. Bila shaka kuna kiputo cha hewa bombani.

Jumatatu, 6 Aprili

14, 28, 28, 14. Kiputo.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeitoa geji ya mita tatu, nimeisafisha, nimeijaza maji yaliyochemshwa ili kuondoa hewa, nimeirudisha. Baada ya saa sita: 13.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeazima geji mpya chuoni. Nimeifunga kwenye tundu lilelile. 12.

Mvua haijanyesha tangu juzi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimempigia Dokta Candida. Nilianza kumweleza kuhusu ubora wa vikombe, akanikatiza.

"Geji ngapi umeweka pale?"

"Mbili kwa zamu, Dokta."

"Na zote zinasema jambo moja. Jovitha, usibadilishe kifaa tena. Kama udongo wa chini umeloa kabla ya wa juu, maji hayo hayakutoka juu. Tafuta yanakotoka."

Nilikaa ngazini muda mrefu. Modeli yangu inajua mvua inayoangukia uso wa ardhi. Maji mengine haiyajui, kwa sababu sikuiambia kama yapo.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilimfuata kaka Kasmir kwenye kibanda chake cha mabati ng'ambo ya shimo. Nikamuuliza kama mafundi walikutana na bomba lolote upande wetu walipochimba.

"Bomba gani? Hakuna bomba." Alikuwa anatazama simu. "Dada, usijipe presha. Si wewe mwenyewe uliandika kwamba ukuta uko sawa?"

Nimemjua mtu huyu tangu nikiwa darasa la tano. Ndiye aliyenisindikiza bwenini siku ya kwanza ya sekondari. Leo ndiyo mara ya kwanza kunijibu bila kunitazama.

10, 27, 26, 11.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua imerudi kwa kishindo. Nikiwa ujiani nasoma geji, Muaz akatokea na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Hiyo mishale yako imesemaje leo?"

Nilitaka kumpa jibu la mkato, lakini nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba sijui maji yanatoka wapi.

Hakucheka. Akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye kona ya nyumba, akanyoosha kidole juu. Paa lote la nyumba, zaidi ya mita mia mbili za mraba, linamwaga kwenye mfereji mmoja wa bati. Mfereji unaingia kwenye bomba la ukutani, na bomba linazama ardhini.

"Linapita chini ya ujia, linatokea mtaroni kule barabarani," alisema. "Ni la zamani, babu alilichimbia chini sana. Kila masika mama alikuwa anakinga maji pale mdomoni, ya kufulia. Mwaka huu hajakinga hata ndoo."

Tukaenda mtaroni. Mvua inapiga, mfereji juu umefurika, na mdomo wa bomba mkavu kama kinywa cha aliyefunga.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikuambia hujawahi kuona masika ya nyumba hii. Ulinitazama kama mtu anayetazama nzi."

Ni kweli, nilimtazama hivyo.

Muaz akaingia ndani kwa mama yake, akatoka na pakiti sita za buluu ya kufulia. Tumezikoroga kwenye ndoo, akapanda ngazi, akamimina kwenye mfereji.

Jumanne, 14 Aprili

Saa moja asubuhi tulisimama kwenye ukingo. Chini kabisa ya ukuta wa shimo, upande wetu, kuna doa la buluu lenye upana wa mlango. Limelowa na linachuruzika.

Walilikata bomba walipochimba. Wakaziba kwa kifusi na kuendelea. Tangu Machi mvua ya paa zima inaingizwa ardhini kwenye tundu moja, chini ya msingi wetu, na mimi kwenye kompyuta nilikuwa naimwaga juu taratibu kama mtu anayemwagilia mchicha.

Nimeiendesha modeli upya, safari hii nikiwa na paa. Sikula mchana. Matokeo: geji ya mita tatu ikishuka chini ya sita, ukuta hauna kinachoushika.

8, 24, 21, 9.

Jumatano, 15 Aprili

Siku mbaya.

Nilianza kwa Kasmir. Nikamwonyesha picha ya doa. Alifunga mlango wa kibanda.

"Nilijua," alisema. "Mashine ililivunja Januari. Fundi akasema ni bomba mfu. Nikapenda kumwamini."

"Uliniambia hakuna bomba!"

"Jovi, nikisimamisha kazi leo wananitoa kesho, wanamleta mwingine ambaye hata hatakufungulia geti. Vyuma vinaingia bandarini wiki ijayo. Wiki moja tu. Nivumilie."

"Udongo haujui habari za bandari."

"Na barua yako?" Sauti yake haikuwa ya ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Ofisini kwetu wameitia kwenye faili. Ukipiga kelele, watakachotoa kwanza ni hiyo."

Nikaenda kwa Mzee Mbaruk. Nikamwambia nilikosea, nyumba si salama, watoke. Akafungua saraka, akaikunjua barua, akaisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili. "Ukuta utasimama msimu wote. Hii ni sahihi yako au si yako?"

"Yangu, Mzee."

"Machi unajua, Aprili hujui. Mei utaniambia nini? Nimezaliwa katika nyumba hii. Nimemzika baba yangu kutoka katika nyumba hii. Sitoki kwa mtu anayebadili maneno kila mwezi."

Mchana nilikwenda mwenyewe manispaa, nikaacha maelezo na picha. Wameyapokea, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu. Mkaguzi atapangiwa siku.

7, 22, 17, 8.

Alhamisi, 16 Aprili

Nilidhani mama mdogo atakuwa mgumu kuliko wote. Duka hili kalipigania miaka kumi na minne, na huu ni msimu wa safari za shule. Nilipomaliza kueleza aliuliza swali moja tu.

"Wewe ungelala humo?"

"Hapana."

Akachukua kufuli. Kufikia saa nane mabegi yote yalikuwa juu ya mikokoteni kuelekea kwa rafiki yake Kigamboni, nasi tukafuata na magodoro. Njiani, kwenye pantoni ya Magogoni, alisema, "Watu watasema Agnesi kakimbizwa na mshale wa saa. Waseme."

Kabla ya kuondoka, mimi na Muaz tulikata mfereji wa paa na kuunga bomba jipya la plastiki linalomwaga barabarani. Muaz kabaki kwa wazazi wake. "Sasa hakuna maji mapya," alisema. Nikamwambia maji ya zamani bado yamo njiani.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua imekatika. Anga la buluu, watu wameanika nguo kila mahali. 9, 22, 14, 7.

Jumamosi, 18 Aprili

Jua kali. 13, 22, 12, 6.

Hakuna anayenielewa. Juu udongo unakauka, mshale wa kwanza unapanda, kila anayepita ujiani anauona huo. Chini mishale inashuka. Maji hayaondoki kwa kuwa mawingu yameondoka. Yanaendelea kutambaa, chembe hadi chembe, kwa siku nyingi.

Bi Hind alinikuta nimechuchumaa. "Mwanangu, si unaona jua?" Nikamwomba alale kwa kaka yake, mtaa wa Gerezani, hata siku tatu. Alisema atazungumza na Mzee. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshazungumza.

Jumapili, 19 Aprili

15, 23, 10, 5.

Nimepita chini ya sita. Nimempigia Kasmir mara nne, hapokei. Manispaa leo imefungwa. Nimempigia Muaz, amesema kuna ufa kwenye sakafu ya ujia, unaingia kucha.

Jumatatu, 20 Aprili

Naandika mkono wa kulia ukiwa umefungwa bandeji, hati itakuwa mbaya.

Nilivuka na pantoni ya kwanza. Saa mbili kasoro nilikuwa ujiani. Mita mbili: 6. Mita tatu: 2. Ule ufa wa kucha sasa uliingiza vidole viwili, umenyooka sambamba na ukuta wa nyumba kutoka kona hadi kona. Na shimoni, kwa sababu jua limetoka, mafundi sita walikuwa wanafunga nondo chini kabisa, wamepumzisha migongo kwenye lile doa la buluu.

Nikapiga kelele watoke. Walinitazama. Mmoja akanipungia mkono.

Nikakimbia dukani. Mzee alikuwa amefungua, amejaza wateja, watu saba au wanane, mmoja anapima kamba. Nilipanda juu ya katoni la bawaba. Sijui nilipata wapi sauti.

"Jamani, nisikilizeni! Mimi ndiye niliyeandika kwamba nyumba hii ni salama. Nimekosea. Nyuma pana ufa na shimo linaporomoka. Tokeni sasa hivi!"

Mzee akageuka mwekundu. "Shuka hapo! Unanifukuzia wateja kwa wazimu wako!"

"Mzee, ninaomba. Baadaye unitukane, unishtaki, lolote. Sasa tokeni."

Hakuna aliyesogea. Kisha nikasikia mlio wa chuma: Muaz alikuwa anashusha shata ya dirisha. Ikafuata ya pili. Hakumtazama baba yake. "Duka limefungwa," akawaambia wateja, "kamba bakini nayo." Hapo ndipo walipoanza kutoka, kwanza polepole, halafu kwa kusukumana.

Mzee alishika meza kwa mikono miwili. Bi Hind alikuwa ameshuka, ameshajifunga baibui, na mfuko wa dawa za mumewe mkononi. Alisimama mbele yake akasema kwa upole sana, "Mbaruk. Mimi natoka. Na bila wewe sijui kuvuka barabara." Akampa mkono. Mzee aliutazama mkono ule kama kitu kigeni. Akaushika.

Nikazunguka kukimbilia kibanda cha Kasmir. Alikuwa anatoka.

"Nimeona simu zako, nilikuwa..."

"Njoo uone kwa macho yako. Ukiona halafu ukasema wabaki, sitakusumbua tena maishani."

Alikuja. Aliinama kwenye geji ya mita tatu. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Akatazama ufa, akaingiza ngumi yake, na ngumi ikaingia. Ilikuwa dakika kumi tu tangu niingize vidole viwili.

Aliruka uzio, akateremka ngazi ya shimoni akipiga mluzi na kutukana, akiwasukuma mafundi mmoja mmoja kwenye ngazi. Nilirudi mbio ng'ambo ya shimo, nikawahesabu kwa sauti. Wa kwanza, wa pili. Wa nne aliacha kiatu. Wa sita alipofika juu Kasmir alikuwa na mguu kwenye kipandio cha tatu.

Haikuwa na kishindo nilichotegemea. Ukuta ulivimba chini, pale penye buluu, ukatema mchanga kama gunia lililopasuka, na ukingo wote ukashuka wima. Ujia ukaenda. Geji zangu zikaenda. Kisha ndipo ukaja mlio, nyumba ikikatika: jiko la Bi Hind, ngazi, vyumba vyetu viwili. Nikaona kitanda changu cha chuma kikining'inia, kisha sikukiona. Vumbi likatufunika.

Kasmir alikuwa amefukiwa hadi kifuani. Mafundi wote sita walirudi chini, na wabeba mizigo wa mtaa mzima, na Muaz. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani, kwa vipande vya mbao. Nilikuwa nikitazama ukuta uliobaki juu yetu na kuhesabu kichwani ni muda gani nao utakaa, na sikupata jibu, nikaendelea kuchimba. Kucha mbili zimeng'oka. Ilituchukua dakika hamsini. Alikuwa anaomba maji, nami nikawa naogopa hata kulitamka neno hilo.

Miguu yote miwili imevunjika. Yuko hai. Wote tuko hai.

Mzee Mbaruk alisimama upande wa pili wa barabara hadi adhuhuri, anatazama chumba chake cha kulala kikiwa wazi kwa watu wote, chandarua kinapepea. Nilimsogelea. Akanipa mgongo.

Jumatano, 22 Aprili

Nilikwenda hospitali. Kasmir alilia, nami nikalia. Hatukuzungumza kuhusu bomba.

Jumatano, 29 Aprili

Kamati ya uchunguzi imekaa leo kwenye ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Mwakilishi wa wajenzi alikuwa na nakala ya barua yangu, ameipigia mstari mwekundu.

"Mtaalamu huyu alithibitisha usalama. Sisi tulimtegemea yeye."

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Dokta Candida alikuwa kiti cha nyuma yangu. Jana alinikumbusha kwamba chuo kinaweza kunisimamisha.

Nikasema barua ni yangu. Nikasema niliiandika kabla ya kuuliza maji ya paa yanaenda wapi, na kwamba mtafiti yeyote anapaswa kuuliza hilo kabla ya kuwasha kompyuta. Kisha nikawawekea mezani picha ya doa la buluu, namba zote za siku ishirini na tisa, na maelezo yenye muhuri wa tarehe kumi na tano.

Mwenyekiti akasoma pia karatasi iliyoletwa kutoka wodini. Ilikuwa na mistari mitatu. Kasmir ameandika kwamba alijua bomba limekatwa tangu Januari, aliwaarifu wakubwa wake, akaambiwa aendelee, na akaendelea. Mwakilishi akaikunja nakala ya barua yangu, akairudisha kwenye faili.

Nilimfikiria Kasmir kama ndugu, halafu kama mwongo. Sasa sijui nimwite nani. Kipandio cha tatu, na wote sita juu.

Jumapili, 3 Mei

Familia ya Mzee imehamia Gerezani, juu ya karakana ya vipuri ya kaka yake Bi Hind. Nilikwenda na kilo mbili za tende. Bi Hind alinikumbatia. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Nilikaa robo saa, nikaondoka. Muaz alinisindikiza hadi kituo cha mwendokasi. "Hata mimi aliacha kunisemesha," alisema. "Kwa ajili ya shata."

Jumatano, 6 Mei

Chuo kimeamua: sura ya matokeo nifute, nianze upya, mwaka mmoja zaidi. Nimekubali.

Jumapili, 10 Mei

Mvua nyepesi toka asubuhi. Gerezani tena.

"Shikamoo, Mzee."

Kimya. Bi Hind akaleta kahawa. Nikanywa, nikaweka kikombe, nikaanza kuinuka, ndipo Mzee akasema huku akitazama nje, "Kaa. Nieleze maji yalipita wapi. Taratibu. Usinionyeshe simu."

Nikamweleza. Nilianza na paa, nikashuka na bomba la baba yake, nikamweleza jinsi mchanga wenye unyevu mdogo unavyoyavuta maji pande zote, hata kwenda juu, na jinsi kila tone linavyolegeza mshiko wa chembe mbili. Nikamweleza kwa nini nyumba ilianguka juani. Aliuliza, nikajibu. Mahali nisipojua nilisema sijui. Ilitokea mara tatu. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo.

"Kwa hiyo hukunidanganya," alisema mwishoni. "Hukujua."

"Sikujua, Mzee. Na nilisema najua."

"Hilo ndilo kosa lako. Usilipunguze."

"Silipunguzi."

Alikaa akisikiliza mvua kwenye bati la karakana. Muaz alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu hata kuhamisha mguu. Mzee akajishika magoti, akainuka kwenda kutawadha. Alipofika karibu nami akasimama.

"Marahaba," akasema, akaendelea na safari yake.